Mzee Aliyebonyeza Hapana

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Ninyi wa kule nyuma sogeeni, benchi za mbele haziumi mtu. Asubuhi ya leo nataka kuwasimulia habari za bwana shamba mmoja mstaafu na deki yake. Kina mama msinitazame hivyo, sisemi deki ya kusugua sakafu. Nasema ile mashine ya kuwekea diski, inayokaa chini ya televisheni.

Deki hiyo alinunuliwa na mwanawe wa pekee, kwa mshahara wa kwanza wa kijana huyo, wa kazi ya muda dukani alipomaliza shule. Mzee aliipenda, jamani. Aliiweka sebuleni mahali pa heshima, mkewe akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ikafunikwa kama bibi harusi. Rimoti yake haikuwahi kutolewa kwenye nailoni iliyokuja nayo. Mnaifahamu hiyo tabia, ninyi ambao hata makochi yenu bado yamo kwenye nailoni na wageni wanatoka jasho.

Sasa deki hii ilikuwa na jambo moja. Kila jioni mzee akiiwasha, kabla picha haijaja, yalitokea maandishi kwenye kioo, na chini yake vijumba viwili. Kimoja cha Ndiyo, kingine cha Hapana. Mzee hakuwahi kuyasoma hayo maandishi. Siyo kwamba hakujua kusoma, la hasha. Mtu alisomea kilimo, ana cheti ukutani. Ila siku ya kwanza alikuwa na haraka ya kuona mpira, akabonyeza Hapana, maandishi yakaondoka, mpira ukaja. Basi ikawa desturi ya nyumba. Hata wageni aliwafundisha: "Ukiiwasha itakuulizauliza. Wewe bonyeza Hapana, itanyamaza."

Ilikuwa inauliza nini? Vijana hapa mnajua, mnaita apdeti. Wazee wangu, niwaeleze. Mashine ile ina akili yake ndani, na akili hiyo ni ya mwaka ilipotengenezwa. Diski za mtindo mpya zikitoka, haizijui. Hivyo aliyeitengeneza kule kiwandani anaiandalia mafunzo, yanakuja kwa njia ya intaneti, ambayo kijana aliiunganisha siku alipoileta, nayo mashine inamwomba mwenye nyumba ruhusa: nifundishwe, nisifundishwe? Kila jioni mashine ya watu inaomba kwenda shule, na kila jioni mzee anaijibu hapana. Na huyu ndiye mtu aliyezunguka vijiji vyote vya tarafa na mbegu mpya za mahindi kwenye baiskeli, akiwacheka wakulima waliomwambia, "Hii ya babu zetu inatutosha." Alikuwa na msemo wake aliowaambia kila mkutano: mkataa pema, pabaya panamwita.

Haya. Mzee na mwanawe wakagombana. Mzee alitaka kijana asomee kilimo, kijana akaenda mji wa mbali kuwa mpishi wa hoteli. Mzee aliona aibu. Akawa anasema barazani, "Mimi nimefundisha watu kulima, mwanangu kaenda kukaanga." Kijana akasikia maneno hayo, maana maneno ya barazani yana miguu, naye akakaa kimya. Akaoa, akapata mtoto wa kiume.

Siku moja ikaja bahasha kwa basi. Ndani yake diski moja, na juu ya diski maneno mawili tu: Kwa Baba. Mzee alijifanya hajali, lakini jioni hiyo alioga mapema. Akakaa, akawasha deki, ikamuuliza swali lake, akabonyeza Hapana kama kawaida. Akaingiza diski. Ikazunguka, ikakohoa, ikaandika kwamba diski hii haisomeki. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Haisomeki.

Mzee akasema, "Kaniletea diski tupu. Ananitumia ukimya wake kwenye bahasha."

"Labda imeharibika njiani," mkewe akasema. Mama huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na moyo wake wote ulikuwa kwa yule kijana.

"Haijaharibika. Ananidhihaki. Katundike kwenye ulezi ifukuze ndege, angalau ifanye kazi."

Nyanda za juu mnajua tunavyofanya. Diski mbovu inafungwa uzi, inatundikwa shambani, inamulika huku na huku, ndege wanaogopa. Basi nyuma ya nyumba ikaning'inia diski. Na tangu siku hiyo, kijana akipiga simu kwenye kitochi cha babaye, mzee alibonyeza kitufe chekundu. Kwa mamaye simu zilipita, ila habari za baba hazikutajwa. Kijana aliuliza mara moja tu, "Mama, baba ameangalia ile diski?" Mama akajibu kwamba ameiweka na kuitazama, akaogopa kusema zaidi. Ukapita mwaka na ushee.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa jioni ya mvua, msimu wa mvua zetu hizi ambazo nguo hazikauki. Mzee akawasha deki, swali likaja, akabonyeza Hapana. Kimya. Akabonyeza tena juu ya nailoni. Kimya. Betri zimekufa. Akazitoa akazing'ata, akazisugua kwenye suruali, akazirudisha, wapi. Kuzianika nazo, jua la wiki nzima halikuonekana. Swali likabaki kwenye kioo limemkodolea macho. Hapo ndipo mama alipovaa miwani yake.

"Baba, hii mashine inauliza kitu."

"Huwa inauliza. Ibonyeze Hapana."

"Kwa rimoti gani? Hebu ngoja nisome."

Akasoma polepole, kidole hewani, kama anasahihisha madaftari. Alipomaliza akavua miwani. "Inasema kuna diski mpya ambazo haiwezi kuzisoma mpaka ifundishwe. Inaomba ifundishwe. Inauliza hivi tangu lini?"

"Inauliza tu."

"Na wewe ulikuwa unaijibu nini siku zote?"

Mzee akaanza kunyoosha maua ya kile kitambaa, ambayo yalikuwa yamenyooka.

"Bwana shamba," mama akasema, "mkataa pema."

Hakuimalizia. Akainua kitambaa, akatafuta kitufe kwenye mashine yenyewe, akabonyeza Ndiyo. Kioo kikaleta mstari unaotambaa kama konokono, na chini yake onyo: usizime umeme mpaka kazi iishe. Wakakaa kuutazama mstari. Na kama zilivyo mvua za kwetu, radi ikanguruma.

Radi ikinguruma nyumbani kwenu mnafanyaje? Si mnakimbilia plagi, kila kitu kinachomolewa, mpaka friji? Mzee aliinuka mbio. Mama naye alimwona mapema, akavuta kigoda chake, akakaa mbele ya soketi, mgongo ukutani.

"Mama, toka hapo. Radi itaunguza nyumba."

"Kaa chini. Wewe si ulikuwa unawaambia watu mbegu ikishafukiwa haifukuliwi kuangaliwa?"

Mzee akakaa. Mstari ukatambaa mpaka mwisho, halafu kioo kikawa cheusi tii. Mzee akashika kichwa, akasema mashine imekufa, akasema ndiyo hasara ya kusikiliza maneno ya watu. Alikuwa bado anaendelea kulalamika pale kioo kilipowaka chenyewe. Picha ikaja safi. Swali halikuwapo.

Hapo, ndugu zangu, mzee akasahau malalamiko yake. Mnajua mtu anapoanza kuunganisha mambo kichwani, uso unabadilika. Diski mpya ambazo haiwezi kuzisoma. Kwa Baba. Akasimama, akafungua mlango wa nyuma, akaingia kwenye mvua bila mwavuli, bila koti, mpaka kwenye ulezi. Na mama alimwona akitoka, akamwacha aende. Kina mama mna mambo.

Akarudi ameloa chapachapa, diski mkononi, imebabuka kwa jua, imechafuliwa na ndege walewale ilioambiwa iwafukuze. Akawa anaifuta kwa shati lililolowa. Alikuwa analia, tusimfiche. Alijua ameharibu kitu, na hakujua ni kitu gani.

"Hiyo haiwezi kupona," mama akasema. "Halafu hiyo siyo ya mtoto. Hiyo ni ya sherehe yako ya kustaafu."

"Ya kwangu?"

"Hotuba yako yote imo humo. Ndege wameisikiliza mwaka mzima, sijui kama wamejifunza kulima."

"Nilikwambia utundike ile ya kijana."

"Uliniambia nitundike diski. Nilitundika diski. Kitu kilichotoka kwa mwanangu sikitundiki mimi." Akaenda chumbani, akarudi nayo. Ilikuwa kwenye sanduku lake, katikati ya vitenge, safi kama ilivyotoka kwenye bahasha.

Wakaiweka. Ikazunguka. Haikukohoa.

Akatokea kijana wao, amevaa koti jeupe la mpishi, amebeba kitoto kichanga. Pembeni yake pana kiti kitupu, kimetandikwa kitambaa cha kufuma cheupe, chenye maua pembeni. Kijana akasema, "Shikamoo baba. Najua hukupenda nilipokwenda, nami nilikuudhi kwa kukaa kimya. Nisamehe. Huyu ni mjukuu wako. Kwetu sisi jina la mjukuu wa kwanza linatoka kinywani mwa babu, wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa hiyo hatujampa jina. Tunamwita Mgeni mpaka wewe uje. Kiti chako ndicho hiki."

Mama akaweka mkono mdomoni. Mwaka mzima alisikia kwenye simu wakimwita mtoto Mgeni, akadhani ni utani wa kizazi hiki.

Mzee akachukua kitochi. Safari hii alitafuta kitufe cha kijani. Ikaita, ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mwanawe akasikia mwanamke akisema, "Mgeni, shuka mezani utaanguka." Mtoto aliyemwona sasa hivi amebebwa kama furushi, kumbe ameshajua kupanda meza. Mzee akalia tena.

"Shikamoo baba," kijana akasema, kama mtu asiyeamini simu yake.

"Marahaba, mwanangu. Diski yako nimeiona. Nimeiona leo."

"Leo?" kijana akasema. "Mimi nilijua uliiona zamani, baba. Nikajua umekataa."

"Sikukataa," mzee akasema. Halafu akajisikia mwenyewe akisema uongo, akaacha. "Nilikataa, mwanangu. Ila sikujua nilikuwa nakataa nini."

Kijana akasema basi mpe jina hata sasa kwenye simu, baba, ametusubiri sana. Mzee akasema hapana, na hiyo ndiyo hapana pekee aliyoisema vizuri maishani mwake: "Hapana. Mjukuu haitwi kwa simu. Nakuja kukalia kiti changu." Asubuhi akapanda basi na mkewe, na mfuko wa ulezi miguuni.

Mmecheka sana. Nami nimefurahi mkicheka. Lakini sasa niwaulize, wapendwa: tunamcheka nani?

Sisi ni hodari wa Hapana. Hatusomi. Mtu akitujia na jambo, kabla hajafika mwisho kidole chetu kimeshafika. Mke anataka kusema kitu: hapana, nimechoka. Ndugu aliyetukosea anapiga simu: kitufe chekundu. Na Mungu wetu, ambaye subira yake inashinda ya mashine ile, anakuja kila jioni na swali lilelile. Nikufundishe kidogo? Unajua mengi, lakini akili yako ni ya mwaka ule ulioumizwa, na tangu hapo kuna mambo mapya ambayo huwezi kuyasoma. Nikufundishe? Nasi tunaona anatuchelewesha mpira. Halafu tunakaa barazani kulalamika kwamba watu wametuletea diski tupu. Diski haikuwa tupu, ndugu yangu. Msomaji ndiye aliyekataa shule.

Na tusijidanganye kwamba hapana yetu inatuumiza wenyewe tu. Mzee alikuwa anabonyeza kitufe sebuleni kwake, ameegemea kochi, na kule mbali mtoto anakua, anatambaa, anasimama, anapanda meza, hana jina.

Mtaniuliza, jina lenyewe lilikuwa nani? Nimeliacha wazi makusudi, maana unalijua wewe. Yupo mtu leo anaitwa Mgeni kwa sababu yako. Amekuwekea kiti, na hajui kama ulimkataa au hukuwahi kusoma.

Kila Jumapili mzee wa kanisa anasimama hapa kuwaambia zimeni simu. Leo tangazo hilo nimelifuta. Kwaya itaimba wimbo mmoja, na mrefu, nimewaomba. Ninyi wenye mtu wa kumpigia, washeni simu zenu, tokeni hapo nje, mpigeni. Sadaka itawasubiri.