Mume Yeyote

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, palikuwa na Sultani aliyechoshwa na sura za watu, huyu mrefu, yule kengeza, na majina hayaishi. Basi akaamuru wanaume wote wanyoe vipara, wavae kanzu nyeupe za namna moja, na kila mmoja aitwe Raia. Ikawa siku bata wa Sultani alipoibwa, askari wakaambiwa mwizi ni mwanamume mwenye kipara na kanzu nyeupe, nao wakamkamata wa kwanza waliyemkuta, wakamkamata na wa pili, hata gereza likafurika.

Miongoni mwao alikuwamo Shee, mume wa Mwanamize, maskini aliyedhaniwa punguani. Shee hakuwa na sifa ila kicheko chake, kama punda aliyekabwa, kilichowahi kumwaibisha mkewe hata matangani. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na kesho yake wafungwa wangepelekwa mashimo ya chumvi wasirudi tena. Mwanamize akambeba mwanawe mchanga, akaenda barazani.

"Bwana wangu, nirudishie mume wangu, hakuiba, yeye huogopa hata bata!"

Sultani akapiga miayo. "Bibi wee, wafungwa wale pale ukutani. Wote sawa. Chukua yeyote, uende zako."

"Yeyote, bwana?"

"Nimekwisha sema."

Mwanamize akaitazama safu ya vipara, kisha akageuka, akamshika Sultani mkono. "Basi nimekuchukua wewe, uliye karibu. Twende, baba watoto, paa linavuja, kuni hazijapasuliwa, na mama yangu anangoja ugoro wake. Hebu mshike mwanao kwanza."

Akampakatisha mtoto. Naye mtoto, bila kukawia, akalilowesha joho la hariri kwa mkojo.

"Mwondoe!" Sultani akapiga kelele. "Mimi si yeyote! Mimi ni mimi!"

"Naam, bwana. Na wangu naye ni yeye."

Sultani akanguruma, "Ni yupi basi, ikiwa wote ni kipara na kanzu?"

Hapo, kutoka ukutani, ikasikika sauti ya punda aliyekabwa.

Mwanamize hakuhitaji kugeuka. "Huyo," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuona haya.

Sultani akajikaza, akashindwa, akacheka hata machozi. "Anaitwa nani?"

"Shee, bwana."

"Shee, nenda kwako. Na ninyi wengine, njooni mmoja mmoja, mniambie majina yenu."

Basi akakaa na joho lake bichi akisikiliza majina hadi jioni, na kila aliyetaja lake akaenda kwake. Tangu siku hiyo wanaume wa mji ule hufuga nywele wapendavyo. Bata tu ndiye hajaonekana hata leo.