Moto wa Mashavu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nyati alikuwa na jiko lake na kiboko alisifika kwa kukaanga maandazi, mto ulifurika. Haukupiga hodi. Ulipanda bondeni, pwaa! Ukabeba vichuguu, ukabeba vitanda, ukabeba hata vinu na michi yake.

Huko bondeni alikaa Mashavu. Mashavu alikuwa nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na ulimi wake haukukaa kinywani bure. Maji yalipofika kizingitini alichukua vitu viwili tu: mwanawe Chiku mgongoni, na kaa la moto mkononi, ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, amelifukia kwa majivu.

Akapanda hadi mji wa Jiweni, yeye na majirani wawili: Mzee Nungunungu, na Mama Kanga na vifaranga wake. Kobe hakufuatana nao. Kobe nyumba yake huivaa, hana haja ya kusumbua watu.

Jiweni ulikuwa mji wa wanyama wakubwa, wenye nyumba kubwa na vyumba visivyolaliwa na mtu. Siku ya kwanza wakimbizi walipokewa vizuri.

"Poleni! Poleni sana!" alisema Kiboko, akawapa andazi moja moja.

Siku ya pili aliwapa pole bila andazi. Siku ya tatu alikuja Jumbe Nyati mwenyewe, mkubwa wa mji.

"Hivi mtaondoka lini?" akauliza.

Walikuwa wakilala kwenye baraza ya soko, maana hawakuwa na pengine. Nyati hakupenda. Akamwamuru Ngiri achukue ndoo. Ngiri akaimwagia baraza maji, chwaa!

"Tunasafisha tu," akasema.

Wakasafisha asubuhi, wakasafisha jioni. Tangu ijengwe, baraza ile haikuwahi kusafishwa namna hiyo. Na Mashavu akawa analala amechutama, mtoto mapajani, asilowe.

Chiku akaanza kukohoa. Kho, kho, kho! Mashavu akaogopa. Alikuwa amemwokoa mwanawe na mto mzima, na sasa angempoteza kwa ndoo ya Ngiri. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Bado mpo tu?"

"Twende wapi, Jumbe? Nyumba zetu zimekwenda na maji. Naomba kiwanja kidogo, hata kule nyuma ya soko. Mtoto anakohoa."

Nyati akakohoa naye, lakini yeye alikohoa cheo. "Mama, mji huu una utaratibu. Kiwanja hupewa jirani."

"Na jirani ni nani?"

"Jirani ni yule mliyepeana naye moto. Anapiga hodi mlangoni, anakaribishwa ndani, anapokea kaa jikoni kwa mwenyewe. Hapo mmekuwa majirani, hamfukuzani tena. Ndivyo walivyofanya babu zetu. Na si moto wa kupeana njiani! Moto wa njiani huunguza nyumba."

"Na mwenye moto akiombwa, anaweza kunyima?"

"Lo! Kunyima moto ni mwiko mkubwa! Anayenyima..." Nyati akafunga mdomo. Alikuwa amesema neno moja zaidi ya lililotakiwa.

"Nimekuelewa, Jumbe," alisema Mashavu kwa upole. "Basi kesho asubuhi nitapita nyumba kwa nyumba na kigae changu. Ahsante sana."

Akarudi barazani. Mzee Nungunungu alimtazama kwa mashaka.

"Mwanangu, unadhani hawa watatupa moto?"

"Hawatatupa, babu."

"Sasa kesho tunakwenda kuomba nini, na moto tunao?"

"Tunakwenda kuomba tusichopewa," alisema Mashavu, akatabasamu. Kisha akalifukua kaa lake, fuu, fuu, akalipuliza, akaligawa mara tatu. Vipande viwili akavitia kwenye vigae viwili, kimoja cha Mzee Nungunungu, kimoja cha Mama Kanga. "Vifunikeni kwa majivu. Visizime."

Wala hawakujificha. Lakini nani humchungulia asiye na nyumba ajue ana nini? Watu wa Jiweni walipita hapo kila siku, na kila siku waligeuza shingo.

Jioni ile Nyati aliwaita wenzake wawili, maana majiko ya mji mzima yalikuwa matatu tu. Kiboko alikuja na unga mikononi, Ngiri na ndoo yake.

"Yule nguchiro anakuja kesho kuomba moto," alisema Nyati. "Tukimpa, amekuwa jirani. Tukimnyima, tumevunja mwiko."

"Masikini, ana mtoto," alisema Kiboko.

"Basi mpe wewe, ukae naye."

Kiboko akatazama chini. Huruma anayo, nafasi hana, na vyumba vyake ni vinane.

Ngiri akaruka. "Nimepata! Huwezi kunyima usichokuwa nacho. Tuzime moto! Akija, tunasema hatuna, na tunasema kweli!"

"Ngiri, una akili!" akasema Nyati. Basi wakaenda kila mtu kwake. Chwaa! Fssss! Jiko la Nyati likazima. Chwaa! Fssss! La Kiboko likazima. La Ngiri likazima. Na kila mmoja alipokuwa akimwaga maji alijisemea moyoni: mwenzangu si mjinga, lazima ataficha kaa moja chini ya majivu. Mambo yakiisha nitakwenda kuwasha kwake.

Hilo ndilo kosa la watu wachoyo, watoto. Kila mmoja hutegemea kuwa mwenzake ni mchoyo zaidi.

Asubuhi Mashavu akapita na kigae kitupu.

"Hodi! Naomba moto."

"Moto hatuna!" akajibu Nyati kutoka ndani, kwa furaha.

"Poleni sana."

Akaenda kwa Kiboko. "Hodi! Naomba moto."

"Hatuna, mwanangu," alisema Kiboko, naye hakumtazama machoni.

Kwa Ngiri hata hodi haikumalizika. "Hatuna! Hatuna kabisa! Njoo uone!" Mashavu akaingia, akachungulia jikoni, akaliona jivu limelowa tepetepe.

"Ni kweli, hamna," akasema. "Mungu awasaidie."

Akarudi barazani, akaketi.

Kabla ya adhuhuri mke wa Nyati alikuwa na maharage sufuriani, mabichi na magumu kama kokoto. "Nenda kwa Kiboko ukalete moto," alimwambia mumewe. Njiani Nyati alikutana na Kiboko.

"Nilikuwa nakuja kwako," alisema Kiboko. "Unga wangu umeumuka, na mafuta ya baridi hayakaangi andazi."

"Mimi nilikuwa nakuja kwako!"

Wakatazamana. Wakaenda pamoja kwa Ngiri. Ngiri alikuwa mlangoni anatoka, kigae mkononi.

"Hukuficha hata kaa moja?" aliuliza Nyati.

"Nilijua mtaficha ninyi!"

Wakajaribu upekecho. Kijiti juu ya kijiti, kru-kru-kru-kru! Lakini masika yalikuwa yamelowesha kila ukuni, na upekecho haukutoa hata moshi. Mvua ikaanza tena. Watoto wa Kiboko wakalia njaa. Ndipo Ngiri akainua pua.

"Mnasikia harufu ya mahindi ya kuchoma?"

Wakafuata harufu mpaka barazani. Mashavu alikuwa amechutama kwenye kona isiyolowa, anageuza hindi moja juu ya kigae chenye moto mwekundu. Chiku alikuwa akipasha vidole moto. Mzee Nungunungu alikuwa na moto wake, Mama Kanga na wake.

"Mna moto!" alipiga kelele Nyati.

"Tunao, Jumbe."

"Basi nipe! Haraka! Kunyima ni mwiko!"

"Nikunyime? Hasha! Piga hodi tu, nikukaribishe."

"Hodi!"

Mashavu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hodi ya wapi, Jumbe? Sina mlango. Nikisema karibu, utaingia wapi? Au nikupe hapa hapa njiani?"

"Usinipe njiani!" Nyati alirudi nyuma hatua tatu, maana nyumba yake aliipenda sana. "Njoo nao kwangu basi!"

"Moto hutolewa jikoni kwa mwenyewe, Jumbe. Wewe ndiye uliyenifundisha. Na kaa langu ni dogo, litatosha nyumba moja tu. Kiboko ataomba kwa Mzee Nungunungu, Ngiri ataomba kwa Mama Kanga. Lakini nao hawana milango."

Kiboko ndiye aliyeelewa kwanza. Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Jamani, tumekamatwa! Ngiri, weka ndoo chini. Chimba mashimo ya nguzo."

Ngiri akachimba kwa pembe zake, chaka-chaka-chaka. Nyati akabeba miti, huku akinung'unika. Kiboko akakanyaga udongo, chapwa, chapwa, akakandika kuta kwa mikono yake minene, na alikandika vizuri kuliko alivyodhani mtu. Nyumba ya nguchiro si nyumba ya tembo. Alasiri vijumba vitatu vilisimama nyuma ya soko, vimeezekwa, vina mafiga matatu ndani na mlango mbele.

Mashavu akaingia kwake na Chiku. Akamlaza penye ukuta, mahali pakavu, pa kwanza pakavu tangu mto uje. Chiku akakohoa mara moja, akajikunja, akalala. Mashavu alimsikiliza anavyopumua, machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Ngo, ngo, ngo. "Hodi!" ilisema sauti nzito nje.

"Karibu, jirani."

Nyati akapiga magoti, akainamisha pembe, akaingiza kichwa. Mabega yakabaki nje kwenye mvua. Mashavu akampa kaa kwenye kigae, kwa mikono miwili. Nyati akapokea. Lakini hakuondoka mara moja. Alikuwa akiyatazama mafiga, na mtoto aliyelala.

"Mama, huu moto umeupata lini?"

"Nilikuja nao, Jumbe. Nilikuwa nao siku ile ya kwanza."

"Mbona hukusema? Wiki nzima una moto, na mimi sijui!"

"Hukuniuliza nina nini," alisema Mashavu. "Uliniuliza nitaondoka lini."

Nyati akatoka kinyumenyume, polepole, asiubomoe mlango, na kesho yake asubuhi hakuna aliyemwaga maji barazani.

Na funzo lake, watoto, ni hili: asiye na nyumba mfungulie mlango kabla hujawa na haja naye.