Benchi la Chuma Uani

Wapendwa, kabla hamjaanza kutazama saa, nisikilizeni kidogo.

Alikuwapo mama mmoja mjane, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na kitanda cha chuma. Mumewe alikilalia miezi kumi na minne, upande mmoja wa mwili umepooza, mpaka Mungu akamchukua. Baada ya matanga mama akakitoa nje, akakiegemeza ukutani. Kukiuza hakutaka, kukirudisha ndani hakuweza. Mvua ikakinyeshea, kutu ikakila, kuku wakakipandia. Kila alipotoka kuanika nguo alikiona, na kila alipokiona alimkumbuka mtu mmoja: mdogo wa mumewe. Huyo alikaa ng'ambo ya soko tu, lakini katika miezi ile yote hakukanyaga kwa mgonjwa. Leo ana mafua, kesho ana safari. Msibani alikuja, akaondoka kabla ya chakula.

Mnayajua maumivu hayo, au nazungumza na malaika hapa?

Basi binti wa yule mama akapata mchumba. Washenga wakaleta habari: Jumamosi tunakuja kuposa. Nyumba ndogo, wageni watakaa uani, na viti havitoshi. Mama akatazama huku na huku, akakiona kile kitanda. Akamwita fundi wa kuchomelea.

"Fundi, huku kichwani nifanyie egemeo. Huku miguuni kata katikati, pawe mikono. Nataka benchi la wageni."

Fundi akakuna kichwa. "Mama, samahani. Si ndicho alichokilalia mzee?"

"Ndicho. Chuma chake kibovu?"

"Kizima kabisa. Kutu ni ya juu juu."

"Basi ikwangue."

Fundi akakwangua, akachomelea, akaweka mbao za kukalia. Rangi ya kijani mama aliipaka mwenyewe, brashi mkononi, akijifuta machozi kwa kiwiko.

Kisha akafanya lililo gumu zaidi: akatuma mtu kwa shemeji yake. Maana posa ya binti hupokewa na baba, na baba aliyebaki ni yule.

Jumamosi akaja, macho chini. Akaketishwa kwenye benchi, pahali pa mwenye nyumba. Posa ikakubaliwa, vigelegele vikapaa mpaka kwa majirani. Wageni walipokwenda kunawa mikono, yule bwana akabaki akipapasa egemeo, anatafuta neno la kusema.

"Benchi zuri hili, shemeji. Umelipata wapi?"

Hebu niwaulize: ingekuwa wewe, ungemjibuje?

"Ni kitanda alichokilalia kaka yako."

Yule bwana akainuka kama aliyekalia kaa la moto. "Nisamehe, shemeji. Niliogopa kumwona kaka amekuwa vile. Nikaahirisha siku moja, nikaona aibu kwenda ya pili, na aibu ikazidi kukua. Sistahili kukaa hapa."

Mama akamshika mkono. Na hapo, wapendwa, ndipo aliyedai akageuka mdaiwa.

"Kaa, shemeji. Kila asubuhi nikimgeuza, aliniomba nimsogeze ukutani. Nikimwuliza mbona unajibana, anasema, 'Mwachie mdogo wangu pa kukaa, akija.' Akanituma nije nikwambie: hana kinyongo, anakungoja. Sikuja. Nilikuwa na hasira, nikaona hustahili kusikia. Neno lako nimelifungia kifuani mwangu mpaka leo. Na mimi nisamehe."

Wakakaa wote wawili, wakalia, pilau inapoa, washenga wamesimama na mikono inachuruzika maji.

Sisi tunapenda kuuliza nani alikosa. Haya, nani? Aliyeogopa kwenda, au aliyekalia ujumbe wa msamaha? Wengine humu tunamkwepa ndugu kwa aibu, tunapita njia ya nyuma, tukidhani tutasomewa mashtaka, kumbe mwenzetu amejibana ukutani anatungoja. Na wengine tumetumwa na Mungu tukaseme "umesamehewa," nasi tumelificha neno hilo kwa sababu mwenyewe hatumpendi.

Ndugu yangu, wa kwako huenda bado yu hai. Ibada ikiisha usipitie nyumbani. Nenda kwake. Ukifika ukakosa maneno, usitafute. Vuta kiti tu, ukae naye.