Nondo Alivyoingia Mzingani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti nyembamba? Mwenye homa juzi alikuwa Zaina peke yake, na Zaina ameshapona. Ninyi wengine mna nini? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, kale hasa, nyuki walikaa ndani ya tundu la mti wa mninga. Ukuta wao waliupaka gundi, kila ufa wakauziba. Mlango ulikuwa mmoja, na mlangoni alikaa mlinzi, Bi Mshindo. Kila aliyekuja alinuswa.

"Nusa, nusa! Ni wetu, au si wetu?"

Mwenye harufu ya nyumbani, pita. Asiye nayo, choma!

Siku moja upepo ukaangusha tawi. Kwaa! Ukuta ukapasuka. Nondo, yule kipepeo wa usiku, akauona ule ufa. Polepole, nyata, nyata, akapenya. Akataga mayai kwenye masega, akaenda zake.

Mayai yakaanguliwa. Viwavi! Wakala nta, wakala asali. Tafu, tafu, tafu! Leo wachache, kesho tele.

Nyuki walio karibu wakawarukia. Shika! Uma! Tupa! Wakaua wengi, lakini mayai yalizidi kuanguliwa. Na viwavi walikuwa wajanja, walijifunika utando, hata harufu yao isisikike vizuri.

Malkia akalia. "Jamani, wanangu wamelala humo masegani! Wakifikiwa, tumekwisha!"

Alikuwapo nyuki mmoja, jina lake Kionja. Yeye alimuua kiwavi, asimtupe. Akabeba kipande chake mdomoni mpaka chumba cha ndani, walikokaa nyuki ambao hawajapigana bado.

"Nuseni!"

Wa kwanza akanusa. "Siijui."

Wa pili akanusa. "Siijui."

Wa tatu, wa nne, siijui, siijui. Kionja akaanza kukata tamaa. Ndipo akafika Bi Sikitu, nyuki mwembamba, mpole. Akanusa. Mwili ukamsisimka.

"Hii naipata! Hata chini ya utando naipata!"

"Basi wafundishe wenzako, mbio!"

Lakini kufundisha kunataka muda, na viwavi hawangoji. Bi Mshindo akapaza sauti: "Tikiseni miili! Tupashe nyumba moto!"

Vuuu! Vuuu! Mzinga ukawaka joto. Nta ikalegea. Nyuki wakahema.

"Bi Mshindo, tunakufa!"

"Vumilieni, dada zangu. Joto linatuumiza sisi, lakini wao linawaumiza zaidi."

Kweli, viwavi wakalegea. Ila nyuki nao walikuwa na hasira. Mmoja akamwona mwenziwe amenaswa na utando, akamdhani kiwavi, akainua mwiba amchome.

"Nusa kwanza!" Bi Sikitu akamzuia. "Ni wetu, au si wetu?"

Akanusa. Mwiba ukashuka. "Dada yangu! Nusura nikuue!"

Ndipo wanafunzi wa Bi Sikitu wakatoka, kundi zima, kila mmoja anaijua harufu ile. Huku choma! Kule choma! Mpaka hapakubaki kiwavi hata mmoja.

"Basi!" Malkia akasema. "Imetosha. Zimeni joto, msije mkaichoma nyumba yenu wenyewe."

Upepo ukaingia, baridi, mtamu. Malkia akachungulia masegani. Watoto wazima! Nyuki wakacheka, wakalia, wakaangukiana, wakalala palepale, bawa juu ya bawa.

Ufa ukazibwa. Bi Sikitu na wenzake wachache wakabaki na kumbukumbu ile. Nondo aliporudi, safari hii mlangoni, hata hodi hakuimaliza, walishamnusa: harufu ni ileile. Choma! Akakimbia, na nyumba haikuona joto wala kilio.

Mnasikia, watoto kwa wakubwa? Na miili yetu ndivyo ilivyo. Ngozi ni ukuta. Mdudu wa maradhi akipenya, damu ina askari wake, na homa ni joto la vita. Ila likizidi, nenda kwa daktari, mwili usije ukajiumiza. Na chanjo ni kipande cha adui wanachoonjeshwa askari mapema, adui mwenyewe asije akawakuta wajinga. Ziba ufa, mjue adui, usimchome ndugu.

Hadithi yangu imekoma papo. Aliyeisikia amwonjeshe mwenziwe.