Machela ya Mtu Mmoja

Hapo zamani, nami nikiwa na miguu mirefu kuliko akili, niliingia mji wa Ngazini, uliojengwa ubavuni mwa mlima. Nikaona machela mlangoni mwa nyumba moja, imetandikwa shuka jeupe, na wanaume wanne wamesimama kando. Nikasema moyoni, kumbe huku wageni hupokewa hivi. Nikajilaza. Wakanibeba, nami njia nzima nikiwapungia watu mkono kama bibi harusi, hata nikafikishwa kwa tabibu, naye bila kuuliza akaninywesha bakuli zima la sanamaki. Yaliyofuata hayasimuliwi mbele ya watu wanaokula. Lakini wachukuzi wale, walipokwisha kucheka, walinieleza kwa nini mjini mwao machela ya wagonjwa haikosi watu wanne, na kisa chenyewe ndicho hiki.

Alikuwako sultani, jina lake Mdahoma, aliyependa tausi kuliko usingizi. Alikuwa nao arobaini, na jua la Ngazini ni kali, basi akataka kila tausi awe na mtu wa kumshikia mwavuli. Waziri wake, Shamte, akasema hazina haiwezi kuajiri watu wapya, ila wako wengi wanaokula bure kwa kuwahudumia vipofu, wazee na wagonjwa. Ikawa kupunguza. Aliyewapikia vipofu uji akapewa tausi. Aliyewaogesha wazee wasiojiweza akapewa tausi. Na wachukuzi wa machela, waliokuwa wanne, watatu wakapewa tausi, akabaki mmoja.

"Machela ina ncha mbili," akasema Sultani, maana hakuwa mjinga kabisa.

"Ni kweli, seyyid yangu," akajibu waziri, "lakini wagonjwa wamekonda."

Basi mbiu ikapigwa: machela itachukuliwa na mtumishi mmoja wa Sultani, na mgonjwa afike kwa tabibu kama desturi; na akionekana mtumishi wa pili ameugusa mti wa machela, wote wawili gerezani.

Mchukuzi aliyebaki aliitwa Faki, fukara asiye na kitu ila kanzu moja na ulimi. Na mgonjwa wake wa kila Ijumaa alikuwa Bi Mwanakheri, ajuza mwenye kidonda gotini, mguu haukunjiki, habebeki mgongoni wala hapandi punda. Ijumaa ya kwanza baada ya mbiu hakufika. Tabibu, aliyekaa juu kwenye mwisho wa ngazi, hakuweza kuteremka, kwa kuwa msaidizi wake naye alikuwa na tausi, basi akatuma neno: kidonda kisipooshwa Ijumaa ijayo, mguu utakatwa.

Ijumaa hiyo Faki akamlaza bibi ndani ya machela mlangoni pake, kando ya njia itokayo msikitini. Ncha ya nyuma akaiegesha juu ya baraza, ya mbele akaitia begani, akasimama. Majirani wakaja kusaidia, naye akawauliza mmoja mmoja kama ni watumishi wa Sultani. Sasa Ngazini ilikuwa desturi, Sultani apitapo, kila mtu huweka mkono kifuani akasema, "Sisi sote ni watumishi wako." Nani angekana? Wakarudi walikotoka, na bibi ndani ya machela akawa anamtukana Faki kwa ukoo wake wote.

Hata Sultani akatoka msikitini, akamwona, akauliza mbona amesimama kama punda aliyepakiwa upande mmoja.

"Natimiza amri yako, seyyid yangu," akasema Faki. "Mbele yuko mtumishi mmoja. Nyuma namngoja mtu asiye mtumishi wako."

Sultani akamwashiria waziri ashike. Shamte akanyoosha mkono, na Faki akamuuliza kwa upole, mbele ya watu wote, tangu lini bwana waziri ameacha kumtumikia Sultani. Waziri akaurudisha mkono kama aliyegusa chungu cha moto, akaapa kuwa yeye ni mtumishi toka kidole cha mguu hadi kilemba.

"Basi ni nani katika mji huu asiye mtumishi wangu?"

"Nimetafuta tangu alfajiri, seyyid yangu. Nimemwona mmoja tu."

Watu wakatazama chini, maana kucheka kulikuwa na hatari yake. Sultani akageuka kushoto, akageuka kulia, akaona kila mkono uko kifuani. Kuivunja amri yake mbele ya msikiti mzima ilikuwa aibu, na kumwacha ajuza pale aibu kubwa zaidi. Basi akavua joho, akamtupia waziri, akaitia ncha ya nyuma begani.

Wakapanda. Kufika ngazi ya ishirini Sultani alikuwa akiwaita mababu zake kwa majina, na ya arobaini Bi Mwanakheri akamwambia anyanyue sawasawa, anammwaga kama maji ya kata. Kule juu tabibu akampokea bibi, na Sultani akaanguka kizingitini, miguu imenyooka, akacheka hata kilemba kikamtoka. Akaapa kwamba wachukuzi, mpishi wa uji, na wote waliopewa tausi watarudi kazini kwao. Faki achukue lile joho. Na miavuli yote arobaini ashike Shamte.

Bibi akarudishwa kwenye machela, kidonda kimeoshwa na kufungwa. Sultani akamwinamia.

"Umesikia, mama? Kuanzia kesho, watu wanne."

"Nimesikia, mwanangu," akasema Bi Mwanakheri. "Lakini leo utanishusha wewe."