Mtoano wa Tumbili Mzee

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na mkono uliozeeka na mdomo usiozeeka."

"Uje mkono, uje na mdomo, tusikie."

Basi hapo kale wanyama walikuwa na mchezo wao. Mrushaji anarusha kibuyu kilichofungwa kamba, mdakaji anakidaka na kukimbia nacho mpaka mstarini. Mrushaji alikuwa Tumbili, mdakaji alikuwa Fisi. Msimu mzima Tumbili karusha, vuuu, Fisi kadaka, pwa, kijiji kikashangilia. Mrushaji ndiye aliyepewa mkuyu wa kando ya uwanja akae na wajukuu wake, na karamuni ndiye aliyechagua fungu la kwanza.

Yakifika mavuno, inakuja michezo ya mtoano, ile ambayo ukishindwa mara moja unarudi nyumbani. Hapo Tumbili karusha, vuuu, Fisi kakosa, puu. Mwaka wa pili, vuuu, puu. Mwaka wa tatu, vuuu, puu. Kila mara aliyelaumiwa alikuwa Tumbili.

Fisi akaenda kwa Tembo, mkubwa wa kijiji. Akasema mzee amekwisha, mchezaji hupimwa kwa mtoano, basi ashuke mkuyuni na fungu la kwanza apewe yeye Fisi. Wanyama wakakubali. Miaka yote ya kushangilia waliisahau kwa kikao kimoja. Hilo linaniuma mpaka leo, nami sikuwapo.

Tumbili hakubisha. "Bwana Mkubwa, Fisi kasema kweli," alisema. "Nipimeni kwa mtoano. Ila uwe mtoano hasa, pasipungue kitu. Kosa likiwa langu, nitashuka na wajukuu zangu leo hii. Likiwa la mdakaji, atoke yeye."

Fisi akaapa mbele ya wote kwamba amekubali.

Sasa, mtoano una desturi yake. Wenyeji huchoma mbavu kando ya uwanja, wageni wapokewe na moshi. Tumbili akaomba zichomwe. Zikachomwa, chwaa, chwaa, mafuta yakadondokea motoni. Fisi akaanza kukimbia, akanusa, akapinda shingo. Tumbili karusha, vuuu. Macho ya kijiji kizima yalikuwa kwa Fisi, maana alikwishafika motoni, ubavu mdomoni, mate yanamchuruzika. Kibuyu kikaanguka, puu.

Tembo akawageukia wanyama. "Kumbe miaka yote mitatu tulimpima Tumbili kwa tumbo la Fisi," akasema. Fisi akatolewa mchezoni, na ule ubavu akanyang'anywa.

Tumbili akapanda mkuyuni polepole. Wajukuu wakamshangilia, yeye akawa anakanda bega. Kibuyu kilikuwa kimeanguka hatua kumi kabla ya pale alipokusudia, na aliyekiona kikianguka ni yeye peke yake. Akawapa mgongo wajukuu, akalia.

Kibuyu chini, hadithi chini, anayeweza akiokote. Nanyi wanangu mshike funzo, kama kijiji kile kilivyolishika: mkono wa mzee hauchoki kamwe, na macho ya wengi hayakosei.