Mzee Aliyeacha Kufungua Boneti

Mafundi gari wote mliomo humu ndani, naomba muinue mikono. Mmoja, wawili... na wewe wa nyuma kabisa, inua vizuri, hatukukamati. Leo nitaingia kwenye kazi yenu, na nikikosea mtaninong'oneza nje baada ya ibada. Si sasa.

Alikuwepo mzee mmoja, kwenye milima kama hii yetu na mvua kama hii yetu, aliyekuwa na gari la zamani la rangi ya maziwa. Gari hilo ndilo alilomchukulia mke wake siku ya harusi, enzi hizo mkewe bado ana kiuno. Mama mchungaji, usinitazame hivyo, sijakutaja. Binti yao mmoja, Tusekile, alipokuwa darasa la tatu alimwambia, "Baba, siku yangu na mimi nitapanda hili hili." Mzee akamjibu, "Mwanangu, nakuahidi." Na mtu mzima akimwahidi mtoto mnajua inavyokuwa: mtu mzima anasahau, mtoto anaandika moyoni. Huyu mzee hakusahau.

Sasa, magari ya wakati ule yana vyuma viwili vidogo, vidogo kama ukucha, vinavyogusana na kuachana, vinagusana na kuachana, injini ikizunguka. Mafundi wanaviita pointi. Kila vinapoachana, cheche inaruka, petroli inaungua, gari linakwenda. Ni kazi nzuri, lakini inavichosha. Vinaungua, vinashika unyevu, na vikichoka gari linakohoa kama lina kifua.

Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya chai, mzee alikuwa anatandika gunia, anafungua boneti, anasugua pointi kwa msasa. Akimaliza anapima nafasi iliyopo katikati yake. Anapima kwa kitu gani? Mafundi wana kipimo chao cha chuma. Mzee alipimia kadi ya mwaliko wa harusi yake mwenyewe, iliyokaa kwenye dashibodi miaka thelathini na tatu. Ukingo wa kadi ukipita kwa kubanwa kidogo tu, basi ni sawasawa. Anafunga, anawasha, anatabasamu peke yake.

Mkewe hakutabasamu, maana mashati yote yalikuwa na grisi. Alikuwa anamwambia, "Baba Tusekile, wenzako Jumamosi wanapalilia migomba. Wewe unapalilia vyuma."

Basi, mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, wakaja wakwe kumposa Tusekile. Mambo yakaenda vizuri, watu wakala, wakanywa. Mzee kwa furaha akasema atawashusha wakwe zake hadi stendi kwa gari lake. Wakapanda. Akapiga stata. Injini inazunguka, haiwaki. Akapiga tena. Haiwaki. Unyevu umeingia kwenye pointi. Ndugu zangu, siku ile wajomba wa bwana harusi walisukuma gari kwenye matope wakiwa na suti! Mzee hakulala vizuri wiki nzima.

Akaenda kwa fundi wake. "Fundi, harusi ni mwezi wa tisa. Likinigomea siku ile, sura yangu nitaiweka wapi?"

Fundi akamwambia ukweli, maana alikuwa fundi muungwana. Wapo, msicheke. "Mzee, njia ni mbili. Ubaki na pointi zako: zikigoma unaona kilichogoma, unakwangua pale pale barabarani, unaondoka. Au nikufungie mfumo wa elektroniki. Huo hauna vyuma vya kusuguana, unyevu hausumbui, na cheche yake ni kali kuliko hii. Ila siku ukifa, umekufa. Hapo hakuna msasa wala kadi ya harusi."

"Gari lingekuwa lako, ungefunga upi?"

"La kumpandisha bibi harusi ule mlima wa kanisani? Elektroniki, mzee. Bila kufikiria mara mbili."

Mzee alifikiria mara ishirini. Aliona kama anamsaliti rafiki. Mwishowe mkewe ndiye aliyekata shauri: "Funga hiyo ya kisasa, na mimi nipate mume siku ya Jumamosi." Ikafungwa. Fundi akafunga boneti, akajifuta mikono, akasema, "Hii hutaigusa tena."

Maneno hayo yalimwingia mzee kama asali. Hutaigusa tena!

Na kweli. Mvua inyeshe, ukungu ushuke, stata moja tu gari limewaka. Jumamosi mzee anavaa shati jeupe, anakaa barazani na mkewe, wanakunywa chai hadi birika linaisha. Nyumba ile ilikuwa na raha, na mimi nasema ilikuwa haki yao.

Ikafika siku ya harusi. Gari limeoshwa, limefungwa riboni, Tusekile ameketi nyuma na shela lake, baba yake mwenyewe kwenye usukani. Stata moja, likawaka. Msafara ukaanza kupanda mlima, vuvuzela zinalia.

Sasa ngoja. Nawaona wazee wangu wa benchi la mbele. Mmeanza kutabasamu. Mnangoja niseme kwamba ile elektroniki ilikufa katikati ya mlima, ili mkifika nyumbani muwaambie wajukuu, "Mnaona? Vya zamani ndivyo vitu." Poleni, wazee wangu. Haikufa. Vijana, na nyinyi msipige makofi, hatujamaliza.

Kwenye kona ya mwisho, kanisa linaonekana, kwaya inasikika, gari likachemsha. Mvuke ukatoka mbele, mweupe, mwingi kuliko shela la bibi harusi. Likasimama.

Mzee akashuka kufungua boneti. Haifunguki. Kufuli yake imeshika kutu. Ikabidi mpambe wa bwana harusi avute, na ilipofunguka walitoka nyigu; walikuwa wameshajenga humo. Watu na suti zao wakakimbia huku na huku. Fundi naye alikuwa mwalikwa, akashuka kwenye gari la nyuma, akasubiri nyigu wapungue, akainama. Mpira wa kupeleka maji kwenye rejeta ulikuwa umefumuka kama kiatu cha mwaka juzi.

"Mzee," fundi akasema, "mpira huu haukupasuka leo. Una miezi unachanika kidogo kidogo. Ulikuwa unakuaga."

Mzee akapandwa na hasira. "Si wewe uliniambia sitaigusa tena?"

"Nilisema elektroniki, mzee. Sikusema gari."

Akachomoa waya mmoja wa plagi, akausogeza karibu na chuma, akamwambia mpambe apige stata kidogo tu. Cheche ikaruka ya bluu, kali, safi. "Tazama. Cheche nzuri kabisa. Maji ndiyo hakuna."

Tusekile aliolewa, msiwe na wasiwasi. Nyuma ya msafara kulikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba viti vya plastiki vya sherehe. Bibi harusi akapanda mbele kwa dereva akicheka hadi wanja ukamwagika, baba yake akapanda nyuma, akaketi kwenye kiti kimoja kati ya viti mia. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Lakini mzee aliniambia, "Mchungaji, niliposhuka pale nilicheka na watu wote, ila moyo uliniuma. Ahadi yangu kwa mtoto wa darasa la tatu niliiacha kwenye kona, inatoa mvuke."

Ndugu zangu, nini kilimponza? Elektroniki? Hapana. Ile ilifanya kazi mpaka dakika ya mwisho, na hadi leo imo. Miaka thelathini na tatu mzee alidhani anakwenda kusugua pointi. Kumbe pointi zilikuwa zinamwita. Mkono ukisugua, jicho linapita: maji yako wapi, mkanda ukoje, mpira umeanza kuchoka. Hakuna Jumamosi hata moja aliyosema, "Leo nakwenda kukagua mpira." Alikuwa anauona tu, kwa sababu alikuwepo. Usumbufu ulipoondoka, ukaondoka na macho yake.

Na sisi je? Bibi zetu walikwenda kwa jirani asubuhi kuomba kaa la moto. Ukienda kuomba moto unajua nani amekohoa usiku, nani hajala, nani amelia. Leo kila nyumba ina kiberiti, wengine mna gesi. Nani ataka turudi kuomba kaa? Mimi sitaki! Lakini jirani yako wa kushoto, mara ya mwisho kumwona uso ni lini?

Nami nisiwahubirie nyinyi tu. Zamani nilikuwa napanda kwa mama yangu kila mwezi, kwa miguu sehemu ile ya mwisho, na kilo mbili za sukari begani. Nilinung'unika njia nzima. Kisha ikaja simu. Nabonyeza hapa, hela inaingia kule, kabla sijameza mate. Mwaka na nusu nimebonyeza bila kukosa. Nikajiona mtoto mwema.

Wiki iliyopita nilipita huko kwa mazishi, nikaingia bila taarifa. Nimemkuta mama amehamishia kitanda jikoni. Bati la chumbani limetoboka tangu masika, mvua inaingia. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

Akanishika mkono, akacheka. "Sikutaka kukusumbua, mwanangu. Hela si zilikuwa zinafika?"

Zilikuwa zinafika. Cheche nzuri kabisa.

Yule mzee siku hizi ukipita kwake Jumamosi utamkuta ametandika gunia, boneti iko wazi. Fundi alimuuliza, "Unatengeneza nini, mzee?" Akajibu, "Sitengenezi. Naangalia."

Kwa hiyo siwatumi mkang'oe elektroniki, wala mkazime simu. Hela itumeni, tena ongezeni. Ila fungueni boneti. Mimi Jumamosi hii msinitafute ofisini. Nitakuwa juu ya paa la mama yangu. Mwenye nyundo nzuri aniazime, na yeye atangulie kwao akaangalie. Tusimame tuombe.